Mwacheni Mtazamaji Aseme

Aprili 2017 waigizaji na watayarishaji wa Bongo Movie waliingia mitaani Kariakoo, Dar es Salaam, kupinga uuzaji holela wa filamu za nje. Madai yao yalikuwa na msingi. Anayelipa waigizaji, anayelipa kodi na kupeleka kazi yake ikaguliwe hawezi kushindana na diski moja iliyosheheni filamu kadhaa za Kihindi na Kimarekani ambazo mwuzaji hakuwalipa wenyewe hata senti. Lakini jibu la wananchi wengi, vijiweni, kwenye daladala na mitandaoni, halikugusa kodi wala hakimiliki. Walisema: tengenezeni filamu nzuri, tutanunua. Wapo waliolisikia jibu hilo kama usaliti, wakaona ni ushahidi mwingine kwamba Mtanzania hapendi cha kwao. Mimi naona lilikuwa jibu la watu waliozitazama filamu hizo kwa miaka mingi, wakazipenda, wakachoka, na hatimaye wakasema walichokiona. Mtazamaji wa kawaida, yule anayewasha televisheni akitoka kazini, asiyejua jina la mpigapicha wala la mhariri, ni shahidi wa kuaminika kuliko wote juu ya jambo moja: filamu imemfanya nini. Ushahidi wake una mipaka, na mipaka hiyo nitaieleza. Hata hivyo, tasnia inayoukwepa kwa kisingizio cha uzalendo inajinyima taarifa ambayo haiwezi kuipata kwingine.

Hiyo dhana kwamba Mtanzania hapendi cha kwao haisimami hata kidogo mbele ya yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya kundi la Kaole, iliyorushwa na ITV, iliwakusanya majirani sebule moja, wenye televisheni na wasio nayo. Katika kundi hilo walipita Steven Kanumba, Vincent Kigosi ambaye watu humwita Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, filamu ya George Tyson iliyowaweka wanamuziki wa Bongo Fleva mbele ya kamera, na biashara ya filamu za video ikashika kasi. Miaka michache baadaye kampuni ya usambazaji ya Steps Entertainment ilikuwa ikitoa filamu mpya kwa mfululizo, na wachuuzi walizitembeza kuanzia stendi za mabasi hadi masoko ya wilayani. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, maelfu kwa maelfu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga, na vilio vilisikika mbali nje ya mipaka ya Tanzania. Watu hawamlilii hivyo mtu ambaye kazi zake hawazithamini. King Majuto naye, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa akiwachekesha watu wazima na watoto kwa pamoja bila kutukana, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa kumtazama kwa ajili ya uzalendo.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyowapa watazamaji haki ya kulalamika, na malalamiko yao yalifanana mno kiasi kwamba hayangeweza kuwa ya bahati tu. Hadithi moja inakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, na katika kila sehemu gari linaonyeshwa likitoka getini, likienda, likifika, likipigiwa honi, geti likifunguliwa tena. Muziki unafunika maneno. Upepo unavuma ndani ya mazungumzo. Mhusika anapigiwa simu na tunasikia salamu zote mpaka za wajomba. Jina la filamu ni la Kiingereza ilhali hakuna Mwingereza ndani yake. Nyuma ya kila kasoro kulikuwa na sababu ya kibiashara au ya kiufundi. Kila sehemu iliuzwa kivyake, kwa hiyo urefu ulileta pesa, na magari yale yaliyokuwa yakienda na kurudi yalikuwa yakijaza dakika. Upigaji picha ulifanyika kwa siku chache, na sauti mara nyingi ilinaswa na kipaza sauti cha kamera yenyewe, ambacho hakibagui kati ya mdomo wa mwigizaji na mti unaotikiswa na upepo. Mtazamaji hakuzijua sababu hizo na hakulazimika kuzijua. Yeye alijua kwamba kufikia dakika ya 40 alikuwa ameshashika simu yake. Taarifa hiyo ilikuwa sahihi kuliko ripoti ya mtaalamu yeyote, na ilitolewa bure.

Tukumbuke pia kwamba kwa miaka hiyo yote hakukuwa na mtu mwingine wa kuitoa taarifa hiyo. Uhakiki wa filamu katika magazeti yetu ulikuwa haba. Magazeti ya udaku yaliwaandika mastaa kila wiki, lakini yaliandika nani anatoka na nani, nani kanunua gari gani, nani kagombana na nani kwenye sherehe; filamu yenyewe, kwa maana ya hadithi, uigizaji na picha, haikuwa habari. Vyuo vikuu vilifundisha sanaa za maonyesho, ila wanafunzi wao hawakuwa wakisomwa na mama lishe wa Manzese. Mwenye kusema ukweli alibaki mnunuzi. Na alipousema, wasanii wengi walimwambia awe na subira, asikatishe watu tamaa, aunge mkono vya nyumbani. Tatizo la wito huo ni kwamba unamwomba mtu anunue bila kuonja. Wahenga walishaona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yaliingia kweli: kadiri filamu zilivyoongezeka idadi ndivyo kila moja ilivyopungua uzito, hadi mnunuzi aliyekuwa akisubiri toleo jipya akaacha kusubiri.

Kumdharau mtazamaji hakukuanzia Kariakoo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, chini ya Meja Notcutt. Filamu zilizungushwa kwa lori Tanganyika na nchi jirani, sauti zikitoka kwenye sahani za gramafoni. Baadaye, 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia nadharia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo filamu za kumlenga zilitakiwa ziende polepole, picha zikae muda mrefu, kamera isirukeruke, na hila za uhariri ziepukwe. Mtazamaji akipiga miayo, ilihesabiwa kuwa akili yake ndiyo imeshindwa. Haikuwapitia vichwani kwamba huenda filamu inayomfundisha mtu mzima namna ya kuchimba choo, polepole, bila mtu wa kumpenda wala wa kumchukia ndani yake, inachosha kwa sababu inachosha.

Ushahidi wa kuivunja nadharia hiyo ulikuwa kwenye majumba ya sinema ya mijini, watu wakilipa pesa zao. Unguja na Dar es Salaam walijazana kutazama Awara ya 1951, Mother India ya 1957 na Mughal-e-Azam ya 1960. Filamu hizo zilikuwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Ndani yake mna ndoto, mna kumbukumbu zinazorudi nyuma miaka mingi, mna nyimbo ambazo mshororo mmoja unaanzia bustanini na unaofuata uko mlimani, nguo zikiwa zimeshabadilika. Waliolipa viingilio hawakupotea. Walizifuata, wakazirudia, wakakariri nyimbo, na wapiga taarabu wakazichukua tuni wakazitilia maneno ya Kiswahili. Walijua pia kuchagua, maana filamu iliyowaudhi ilibaki na viti vitupu. Serikali ya Tanganyika yenyewe ilikuwa imeshaanza kusoma alama za namna hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Somo la kuchimba choo likawa limepata mpinzani: mtu mwenye jina, mwenye tamaa, anayefanya makosa.

Zilipokuja kanda za video, maoni ya mtazamaji yalipata hata sauti yake ndani ya filamu. Tanzania alitokea Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, na nyuma yake likaja jeshi zima la madijei. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda, wale wanaoitwa maviijei wamekuwa sehemu ya sinema kiasi kwamba kuna watazamaji wasioona raha kutazama bila wao. Kazi yao huitwa kutafsiri, lakini sikiliza wanachofanya kweli. Jambazi akiingia chumbani kwa kunyata, msimulizi anauliza kwa nini mlango haukufungwa. Stelingi akimsamehe adui kwa mara ya tatu, msimulizi anamgombeza. Anasema wazi kile ambacho watu katika kibanda umiza wanakinong'ona, na anayeshindwa kukisema hapati wateja. Ule ni uhakiki wa filamu unaofanyika papo hapo, dakika kwa dakika, mbele ya watu wanaoweza kuukataa. Sijui uhakiki wa gazetini unaojaribiwa kwa ukali kiasi hicho.

Sasa nije kwenye mipaka niliyoiahidi. Mtazamaji anajua alipochoka, alipoacha kuamini, alipoogopa na alipocheka mahali pasipochekesha. Hajui sana sababu yake, na dawa anayoipendekeza mara nyingi si dawa. Mfano ulio wazi ni Blade Runner ya Ridley Scott. Mapema mwaka 1982, kabla haijatoka, ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio katika miji ya Denver na Dallas nchini Marekani. Watu walitoka wamechanganyikiwa na wamenyong'onyea. Taarifa hiyo ilikuwa kweli tupu. Filamu ile ni ngumu na ina giza. Wenye pesa wakakimbilia dawa ya haraka: wakamtaka Harrison Ford asome maelezo juu ya picha, na mwishoni wakabandika safari ya furaha kwenye milima ya kijani kibichi. Filamu haikufanya vizuri hata baada ya hapo. Miaka ilipopita, nakala isiyo na maelezo hayo ilipoonyeshwa tena Los Angeles watu walipanga foleni, na 1992 likatolewa toleo lililoondoa maelezo na ule mwisho wa kubandika. Wanaoichukia kazi ya kuwasikiliza watazamaji hupenda kukitumia kisa hiki. Mimi nakisoma kinyume. Watazamaji wa Denver na Dallas hawakukosea, kwa kuwa walisema walivyojisikia. Waliokosea ni waliodhani mtu akisema haelewi, basi anaomba asomewe. Huenda alihitaji tukio moja zaidi, au alihitaji miaka kumi.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi kubwa kuliko yote: kwamba umma hupenda takataka, na ukiufuata utapata uchawi, ngumi na vitanda tu. Pingamizi hili linachanganya kununua na kutathmini. Mtu anaweza kutazama kitu kila jioni na bado akakwambia kwa uwazi kwamba hakina maana. Anakitazama kwa sababu ndicho kilichopo, au kwa sababu amechoka na hataki kufikiri. Ukihesabu macho yake tu, utasema anakipenda. Ukimwuliza, utasikia mengine. Tena historia ya sinema ina mifano ya kutosha ambapo watu wa kawaida waliona mapema walichokikosa wajuzi. Sholay ilipotoka tarehe 15 Agosti 1975, wahakiki wengi wa India waliipokea kwa ubaridi na watu wa biashara walishaanza kuizika, kiasi kwamba wenye filamu walifikiria kubadili mwisho ili mhusika wake Jai asife. Waliotoka kumbini wakawaambia wenzao, wenzao wakaenda, na Sholay ikakaa miaka mitano kwenye jumba la Minerva mjini Mumbai. Marekani, The Shawshank Redemption ya 1994 haikurudisha gharama zake ilipopita sinema mara ya kwanza. Kanda za kukodi na televisheni ndizo zilizoifikisha majumbani, na leo iko kileleni mwa orodha maarufu ya filamu zinazopigiwa kura na watazamaji wenyewe.

Nakiri kwamba upande wa pili pia una mifano yake, na nitatoa ulio mgumu kuliko yote kwa hoja yangu. Mwaka ule ule wa Sholay, Chantal Akerman wa Ubelgiji alitoa Jeanne Dielman, filamu ya saa tatu na dakika 21 juu ya mwanamke mjane anayemenya viazi, anayetandika kitanda, anayeosha vyombo, na kupokea wanaume mchana kwa malipo. Kamera haisogei. Mwaka 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki wa dunia nzima, waliiweka namba moja kuliko filamu zote zilizowahi kutengenezwa. Mtazamaji wa kawaida akiwekewa filamu hiyo atasema amechoka, na atakuwa amesema kweli; uchovu huo ndio Akerman alioukusudia, ili tuhisi mwilini uzito wa kazi za nyumbani zinazorudiwa kila siku bila shahidi. Kwa hiyo kauli ya "nimechoka" haijabatilika. Mhakiki na mtazamaji wameona kitu kile kile, wametofautiana iwapo kinastahili kuvumiliwa. Linganisha na magari ya Bongo Movie yaliyokuwa yakiingia na kutoka getini: pale pia mtu alichoka, ila hapakuwa na kitu nyuma ya uchovu wake isipokuwa sehemu ya pili ya kuuzwa. Na Sholay, nayo zaidi ya saa tatu, haikumchosha. Ripoti ya mtazamaji ndiyo inayotuwezesha kuziona tofauti hizi. Tungeenda kwa saa ya ukutani peke yake, filamu hizi zote zingekuwa ndefu tu.

Wengine wana pingamizi la huruma. Wanasema wasanii wetu ni maskini, vifaa hawana, mikopo hawapati. Kumhukumu mtu wa namna hiyo kwa kipimo cha Hollywood ni ukatili. Ningekubali kama watazamaji wangekuwa wanakitumia kipimo hicho, ila hawakitumii. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ndogo mno, silaha zikiwa za kuchonga na kuchomelea, na milipuko ikitoka kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Helikopta yake haimdanganyi hata mtoto. Lakini filamu hiyo, pamoja na sauti ya msimulizi VJ Emmie inayoichangamsha mwanzo hadi mwisho, imetazamwa na kupendwa katika nchi ambazo Nabwana hakuwahi kuzifikiria. Watu waliisamehe helikopta kwa sababu waliona jitihada katika kila pigo la ngumi, na kwa sababu filamu haikujifanya kuwa kitu isichokuwa. Michezo ya Kenya kama Vitimbi na Vioja Mahakamani nayo ilipigwa kwa miaka na miaka kwenye vyumba vya studio ambavyo kuta zake zilionekana wazi kuwa za mbao, na hakuna aliyelalamikia mbao, kwa kuwa Mzee Ojwang na Mama Kayai waliifanya nyumba ile ikalike. Umaskini wa vifaa watu wetu wanausamehe upesi sana. Wasichokisamehe ni uvivu wa hadithi, na hadithi haihitaji kamera ya bei mbaya.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, umeletwa na mitandao, maana humo maoni yamekuwa mengi na ukweli haujaongezeka kwa kiasi hicho. Mtu anaiponda filamu ambayo haijatoka, kwa kumchukia mwigizaji wake. Mwingine anaisifu kwa kuwa ametumwa. Mwanzoni mwa 2019, kabla ya Captain Marvel kuingia sinema, tovuti ya Rotten Tomatoes iliondoa nafasi ya kutoa maoni juu ya filamu ambayo bado haijaonyeshwa, baada ya watu kuivamia kwa makundi, na baadaye mwaka huo ikaanza kutenganisha alama za waliothibitika kununua tiketi na za wengineo. Hatua hizo zilikuwa sahihi, na zinatusaidia kuona nani hasa tunamtetea. Tunamtetea aliyetazama. Ambaye hakutazama anaweza kuwa na msimamo juu ya siasa, dini au mavazi ya msanii, na huo ni uhuru wake, ila asihesabiwe miongoni mwa watazamaji.

Kuna uongo mwingine ambao ni mpole zaidi na hutuharibia hesabu vile vile: uongo wa heshima, pale mtu anapotaja filamu ambayo angependa aonekane ameipenda. Ukimwuliza msomi wa mjini anatazama nini atakutajia filamu iliyoshinda tuzo. Tamthilia ya Kituruki anayoifuatilia kila usiku ataificha. Kwa nini aifiche? Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, juu ya msichana Mao Doudou na mama wakwe zake, na ikapata wapenzi wengi hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Watu wengi, hasa wanawake, waliifuata kwa sababu waliziona ndani yake nyumba zao: mkwe anayeingilia, mume anayesita kati ya mama na mke, mke anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Ni jambo zito hilo, na filamu nyingi za wanaume wenye bunduki hazijawahi kuligusa. Lakini wanaopenda tamthilia za namna hii wamezoea kuambiwa kwamba wanapoteza muda, na baada ya kuambiwa hivyo mara nyingi hunyamaza. Kimya chao ni hasara kwa waandishi wetu, kwa sababu wao wangeweza kueleza kwa undani ni mkwe yupi waliyemwamini na ni yupi aliyeigizwa kama katuni.

Maelezo ya aina hiyo hayahitaji msamiati wa darasani. Kusema "filamu mbaya" hakumsaidii mtu, na kusema "kazi nzuri, hongera" hakumsaidii pia. Mwenye kusema "pale binti alipomsamehe baba yake sikumwamini, maana jana yake tu alimfukuza" amempa mwandishi mahali pa kwenda na kalamu. Mwenye kusema "sikusikia walichozungumza jikoni" amempa fundi sauti kazi. Tamthilia za mfululizo za televisheni, za aina ya Huba na Jua Kali, zina nafasi ambayo filamu za diski hazikuwa nayo: hadithi bado inaandikwa wakati watu wanaitazama, na kosa la mwezi huu linaweza kurekebishwa mwezi ujao. Ndiyo sababu naona wasanii wa sasa hawana kisingizio cha kununa wakikosolewa. Wanaambiwa mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Hata kazi zetu zilizofika mbali zinastahili usikivu huo huo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na sifa zake ilizipata kwa haki. Picha zake ni za kupendeza, na ni fahari kuona Zanzibar ya miaka ya 1950 ikisimuliwa na watu wa huku. Lakini sifa za Toronto hazijibu maswali yote. Mtu wa Unguja anajua kama mhusika Yasmin anaongea kama binti wa Kihindi aliyekulia kisiwani, au kama mwigizaji aliyekariri. Aliyeisoma riwaya anaweza kuuliza kama mhusika Mwajuma, mwenye mdomo na moyo mkubwa kurasani, amepewa nafasi ya kutosha kwenye skrini au la. Bibi aliyeziona siku zile anajua mwanamke mwenye stara angepitia uchochoro upi, saa ngapi, na buibui lake angelishikaje akikutana na askari wa mkoloni. Wanaotoa tuzo katika nchi za mbali hawana njia ya kuyajua hayo, na filamu ikishaonyeshwa Ng'ambo, mtaani huko Unguja, watu walioketi kwenye viti vya plastiki ndio wanaoweza kumwambia mwongozaji.